Shaba wanaiona chini ya udongo, maji yetu hawataki kuyaona

Wanainchi wa Likasi, ndugu wa Kikula, Panda, Shituru na komini Likasi, bababa na bamama,

Sisi vijana wa muji huu tuna swali moja tu. Ginsi gani muji ambao tangu wakati wa Union Minière unaishi kwa kupima mawe chini ya udongo, mpaka leo haujui maji yake iko wapi, ni mingi namna gani, na inaelekea wapi?

Wakati kampuni inatafuta shaba ao kobalti, haichimbi ovyo. Kwanza inaleta wajeoloji. Wanatembea na mashini, wanapima, wanachora karte, wanatoboa kidogo, wanapeleka mawe laboratware. Franka yao hawaichezee. Lakini foraji ya wanainchi inachimbwa namna gani? Mukubwa anashuka kwenye gari, ananyoosha kidole: « Muchimbe hapa. » Hapa ni wapi? Ni karibu na barabara, ili plaque ionekane. Ao ni kiwanja cha rafiki. Ao ni pale tu gari ya kuchimba inaweza kuingia. Wanakata kamba, wanapiga picha, wanarudia kwao. Kisha kiangazi kinafika, na mwezi wa tisa pompe inatoa upepo tu. Mama anaamuka usiku na bidoni yake, anapita mbele ya plaque ile, anaenda kutafuta maji mbali. Plaque ingali inangaa. Maji hakuna.

Wanatuambia: « Ni mapenzi ya Mungu, maji ilikauka. » Hapana! Mungu hakuchagua mahali pa kuchimba. Ni mutu alichagua, bila kupima.

Tuseme wazi kupima ni nini, juu mutu asitudanganye tena. Njia inayojulikana sana ni ya umeme. Wanapiga vyuma vinne ndani ya udongo, kwa musitari moja. Viwili vya inje vinapitisha umeme, viwili vya katikati vinapima nguvu inayobaki. Ukiachanisha vyuma vya inje, umeme unashuka chini zaidi. Jiwe gumu na kavu linazuia umeme. Jiwe lililopasuka na kujaa maji linauacha upite. Conrad Schlumberger alianza kujaribu njia hii kule Normandie, Ufaransa, mwaka 1912. Ni zaidi ya miaka 100! Si uchawi, na si teknolojia ya kungojea wajukuu wetu.

Na kama kuna mahali ambapo kupima ni lazima, ni hapa. Chini ya eneo letu kuna mawe ya dolomiti na ya chokaa. Kakontwe yetu, hii tunayojua wote, ndiyo ilitoa jina kwa chokaa moja ambayo wajeoloji wanaitaja mpaka Zambia. Katika mawe ya namna hii, maji haitandazwi sawasawa kama ndani ya muchanga. Inapita ndani ya nyufa na mapango. Kwa hiyo unaweza kutoboa hapa ukapata maji mingi, na mbali kidogo ukapata vumbi. Mwenye kuchimba bila kupima anacheza bahati nasibu na mali ya watu.

Kuna jambo lingine, na hili ndilo linatutisha zaidi. Nyufa hizi hazichuje uchafu. Ufa unaoleta maji haraka unaleta pia sumu haraka, ikuwe ya choo ao ya kiwanda. Mwaka 2009, watafiti wa Universite ya Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubeljiji, walichapisha kazi yao: watu wa Katanga wanaoishi karibu na mine na viwanda vya metali walikuwa na kobalti nyingi sana ndani ya mukojo, na watoto walipita watu wazima. Sasa mutu anatoboa foraji karibu na takataka za mine, bila karte, bila analize, na anataka tumupigie makofi?

Kupima kwa umeme kunasaidia hapa pia. Maji yenye asidi na chumvi ya viwanda inapitisha umeme vyepesi kuliko maji safi. Basi ukipima, ukarudia kisha miezi, unaweza kuona uchafu unatembea upande gani mbele haujafika kwenye kisima cha mama.

Hatutauza uongo wetu kwa kupinga uongo wao. Mashini haioni maji yenyewe. Udongo wa mfinyanzi na mawe meusi yenye grafiti inaweza kuidanganya, na haiwezi kusema kuna kobalti ngapi ndani ya kikombe. Mukumbuke Turkana, Kenya. Mwaka 2013 walitangaza kwa kelele ziwa kubwa la maji chini ya jangwa la Lotikipi, lililotafutwa kwa picha za satelite na kupima. Kisha uchunguzi ulionyesha kwamba maji ya pale ina chumvi mingi, haifai kunywa hivi hivi. Somo si kuacha kupima. Somo ni: pima, toboa ya majaribio, peleka laboratware, NDIPO utangaze. Siyo kuanza na kamera.

Wengine watasema: « Vijana, hiyo ni gali. » Tunajibu: foraji kavu ndiyo gali, juu unalipa yote na haupate hata bidoni moja. Watasema: « Hakuna watu wanaojua. » Tunajibu: Lubumbashi kuna fakilte inayofundisha jeolojia, na wamoja kati ya wenye kuisoma ni watoto wa Likasi wanaokaa bila kazi. Watasema: « Hakuna franka. » Tunajibu na sheria. Kode ya mine iliyorekebishwa mwaka 2018 inatoa 15% ya redevance kwa komini, muji, sekta na sheferi ambako mine iko. Inalazimisha pia kampuni kuweka angalau 0,3% ya mauzo kwa maendeleo ya watu wa pale. Na Katiba, artikle 48, inahakikisha haki ya maji safi. Hatuombe zawadi. Tunadai haki.

Kwa hiyo tunaomba meri, serkali ya jimbo la Haut-Katanga na kampuni zote:

1. Foraji yoyote ya watu isichimbwe bila kupima kwanza, na raporo ibandikwe kwenye komini, kwa lugha mutu anaelewa.

2. Kampuni zenye karte na takwimu za maji chini ya eneo letu zizitoe. Siri ya shaba mubaki nayo. Siri ya maji hapana.

3. Kila mine inayovuta maji kutoka chini itangaze ni mita kibe ngapi kila mwezi, na usawa wa maji ndani ya visima vya jirani upimwe kiangazi na masika.

4. Kila foraji ipimwe metali na mikrobi mbele ya kufunguliwa, kisha kila mwaka.

5. Vijana wa kila kartie wafundishwe kupima usawa wa maji. Kamba yenye alama na daftari vinatosha kuanza.

Na sisi pia, wanainchi, tuache kupiga makofi haraka. Siku wanakuja kukata kamba, mama mumoja tu anyooshe mukono na aulize: « Karte iko wapi? Analize iko wapi? » Kama hawana jibu, wabaki na kamba yao.

Maji ni uhai, na uhai hautafutwi kwa kidole cha mukubwa.

Wapime kwanza. Wachimbe kisha.