HOTELI ZETU ZA KIGOMA ZITENGENEZWE KWA MPANGO

Ubao wenye maneno "Imefungwa kwa matengenezo" ni mwepesi kuandika. Wataka rangi kidogo na kipande cha mbao tu. Kazi ngumu ni kuuondoa. Katika mji wetu wa Kigoma, na kule Ujiji kadhalika, mwenye hoteli akisha kuupigilia ubao huo mlangoni, wapishi, madobi na wahudumu wa mezani hurudi makwao kungoja, akina mama wauzao migebuka na dagaa hukosa mnunuzi wao wa kila asubuhi, na wageni huchukuliwa na nyumba nyingine. Naye mwenyewe akiulizwa atafungua lini, hujibu, "Mungu akipenda." Sisi twaamini kuwa Mungu apenda, asiyejua tarehe ni fundi.

Hatusemi hoteli zisitengenezwe. La. Nyingi zimechakaa, na mgeni alipaye fedha zake anayo haki ya kupata maji bombani na kitanda kisichovujiwa. Hifadhi ya Gombe iliwekwa mwaka 1968 na ya Mahale mwaka 1985, na wanaokwenda kuwaona sokwe wengi hupita kwetu. Lakini tusiwafikirie watalii peke yao, maana kitanda cha Kigoma mwaka mzima hulaliwa zaidi na mfanyabiashara wa kwenda Burundi na Kongo, na karani aliyekuja kwa semina, na ndugu aliyemsindikiza mgonjwa. Hao wote wakikosa mahali pa kulala, mji wetu ndio unaopata hasara.

Basi tuanze na mvua. Kwetu huanza Oktoba au Novemba, zikaendelea mpaka Aprili au Mei, na wakati huo paa halifunuliwi, jambo hili hata mtoto alijua. Lakini kiangazi, hasa kuanzia Julai, ndicho wakati wa watalii. Mwenye hoteli yuko katikati: akivunja wakati wa mvua nyumba yaloa, akivunja wakati wa jua mgeni akimbia. Twaona dawa ipo. Mabati, misumari na mbao vinunuliwe mapema na kuwekwa ghalani hapa hapa Kigoma kabla hata fundi hajapanda ngazi. Mvua zikikatika paa lifunuliwe, na lifunikwe kabla wageni wa Julai hawajaanza kufika. Kazi za ndani, yaani mabomba, nyaya za umeme, milango na rangi, zingoje mvua zitakaporudi. Tena nyumba isifungwe yote: upande mmoja utengenezwe, upande wa pili ulaze wageni, na nyundo zisianze kabla ya watu kunywa chai.

Wako watakaosema vitu vitanunuliwa kadiri kazi inavyokwenda. Hao wamesahau kuwa Dar es Salaam iko mbali nasi kwa reli kilomita zaidi ya 1,200. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya upande wa Kilosa yaliharibu reli ya kati, na safari za treni zikakatika kwa miezi. Malori yapo, ndiyo, lakini fundi aliyekaa kitako akingoja kigae kimoja cha bafuni hulipwa posho yake vile vile.

Mfano wa kazi iliyopangwa tunao hapa hapa Kigoma, nao ni meli yetu Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka kwetu, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini Februari 1915. Wajerumani waliileta kwa ajili ya kututawala, nasi hatuwashukuru kwa hilo. Lakini fundi mwenye akili hujifunza hata kwa adui. Walipoizamisha wenyewe Julai 1916 karibu na mlango wa mto Malagarasi, isitwaliwe na maadui zao, mafundi walizipaka injini mafuta mazito kwanza. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walikuta injini zingali zafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Sasa tazama hoteli zetu: milango ya mninga yang'olewa na kutupwa uani inyeshewe, na mabomba yafukiwa bila mtu kuandika yamepita wapi. Miaka mitano baadaye ukuta wavunjwa mara tatu kutafuta bomba moja! Kila kinachong'olewa na kiandikwe namba, na ramani ya mabomba na nyaya iwekwe ofisini, isikae katika kichwa cha fundi.

Jambo lililo zito kuliko yote ni ziwa. Wenye hoteli hupenda kusogea majini, maana mgeni hupenda kunywa chai akiitazama milima ya Kongo. Lakini ziwa Tanganyika si bwawa la kuogelea lenye ukingo wa saruji. Karibu na mwaka 1878 maji yalikuwa juu sana, yakapasua njia katika mto Lukuga upande wa Kongo, kisha ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Ndiyo maana mahali pa ukumbusho wa Livingstone pale Ujiji, palipokuwa karibu na maji siku Stanley alipomkuta mwaka 1871, pamebaki mbali na ufuko. Maji yakapanda tena katika miaka ya 1960, yakapanda tena kuanzia 2020, na mwaka 2024 yaliingia katika nyumba nyingi za mwambao wa ziwa hili, kwetu na kwa jirani zetu. Nani basi anayejenga baa mpya palipokuwa pakavu mwaka juzi? Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na anayetengeneza hoteli ya zamani asiifanye kazi hiyo kisingizio cha kuongeza vyumba kuelekea majini. Ukarabati ndio wakati mzuri wa kurudi nyuma.

Na uchafu je? Shimo la choo lililotosha vyumba 10 halitoshi vyumba 30. Likijaa, maji yake hutafuta ziwa, na katika ziwa hilo hilo ndimo yanamotoka maji ya kunywa ya mji na samaki wa meza zetu. Mwenye hoteli anayenunua televisheni kubwa kabla ya kuchimba shimo jipya, sisi hatumwiti mwenye maendeleo.

Neno moja kwa wenye nyumba za kale, maana mji wetu unazo za tangu enzi ya Wajerumani, na Ujiji inazo za Waswahili. Kuta za chokaa hupumua. Ukizipaka saruji ngumu unyevu hufungwa ndani na plasta hudondoka. Na ukuta usivunjwe kabla mhandisi hajaupima. Zanzibar, Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati lilipokuwa likitengenezwa, na watu wakapoteza maisha. Jumba kubwa vile lilikuwa na wataalamu. Hoteli yenye fundi mmoja aliyeokotwa sokoni itakuwaje?

Kuhusu fedha hatuna maneno mengi: mkataba uandikwe, sehemu ya kumi au zaidi iwekwe kando kwa yale yatakayoonekana ukuta ukisha kufunguliwa, na fundi asimaliziwe malipo yote mpaka mvua moja ipite juu ya paa lake. Mafundi watoke hapa. Yule anayekalafati boti pale Ujiji lisiingize maji ziwani hashindwi na dirisha, akipewa kipimo na mbao iliyokauka.

Lakini wafanyakazi wa hoteli wenyewe wasisahauliwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane nao au chama chao kabla ya kuamua. Neno "matengenezo" halifuti sheria hiyo. Mpishi aliyetumika miaka 12 asiambiwe, "Tutakuita," kisha hoteli ikifunguliwa akamkuta mtu mwingine jikoni. Wakati wa kazi wako wanaoweza kulinda ghala, kupokea mizigo na kupaka rangi, na ambao hakuna budi kuwaacha walipwe haki zao siku ile ile.

Nayo Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, inayotoa vibali vya ujenzi, twaiomba isitoe kibali cha ukarabati wa hoteli yoyote mpaka imeona mambo manne kwa maandishi: umbali wa jengo kutoka majini, mahali pa shimo la maji machafu, majina ya wafanyakazi waliopo na jinsi watakavyotendewa, na tarehe ya kufungua.