Rais wa Chuo Aling'oka Ndani ya Siku Mbili, Orodha ya Wanafunzi Bado Inasubiri

Ile picha wengi waliiona. Vijana weusi zaidi ya thelathini, wachezaji wa mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi na kuvaa kofia ngumu, wameshikana mikono. Katikati yao yupo kijana mmoja ambaye hata sio mchezaji. Ilipostiwa usiku wa Jumamosi, tarehe 7 Novemba 2015, na ujumbe wake ulikuwa mfupi: hatufanyi mazoezi, hatuchezi, mpaka rais wa chuo ajiuzulu au aondolewe. Yule wa katikati alikuwa siku ya sita hajala.

Jumatatu asubuhi rais akajiuzulu. Siku mbili tu. Jioni yake mkuu wa kampasi naye akatangaza anaachia kiti.

Stori tamu, na mpaka leo inazungushwa mitandaoni kila chuo kikichafuka. Anayeishea anamaanisha kitu kimoja: vijana wakiamua, bosi anang'oka. Na kweli aling'oka. Lakini wengi wanaikata stori pale pale Jumatatu, kama vile ndio ilikuwa mwisho. Wanafunzi wale waliandika madai 8. Kuondoka kwa rais lilikuwa dai moja tu. Hayo mengine saba, nani anayakumbuka?

Kwanza, chuo chenyewe. Ni Chuo Kikuu cha Missouri, kilichopo mji wa Columbia, katikati ya Marekani. Kilianzishwa 1839, wakati Missouri bado ni jimbo la utumwa. Mwanafunzi wa kwanza mweusi alipokelewa 1950. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi.

Katikati ya hapo kuna kisa ambacho kingekuwa filamu. Miaka ya 1930 kijana mmoja mweusi aliomba kusoma sheria chuoni hapo, akakataliwa kwa sababu ya rangi. Hakukubali. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na 1938 akashinda. Jimbo likafanya nini? Badala ya kumfungulia mlango, likaanza kutengeneza shule nyingine ya sheria, ya weusi peke yao. Machi 1939 kijana huyo alikuwa Chicago. Usiku mmoja alitoka, inasemekana akiaga kwamba anakwenda kununua stempu. Hajaonekana tena mpaka leo.

Mwaka 1968 wanafunzi weusi wa chuo hicho wakaunda umoja wao, na 1969 wakaandika orodha ya madai. Ikapita miaka 46. Mwaka 2015 likatokea kundi jipya la wanafunzi 11, wakaweka mwaka 1950 ndani ya jina la kundi lao, na dai lao la tatu likasema hivi kwa kifupi: timizeni yale ya 1969. Yaani wajukuu wamekuja kudai deni la babu zao, na risiti wanayo mkononi.

Hawakuamka tu siku moja wakataka kiki. Septemba 2015 rais wa serikali ya wanafunzi, kijana mweusi, aliandika Facebook jinsi alivyotukanwa tusi la kibaguzi na watu waliokuwa kwenye gari. Mwanzoni mwa Oktoba mwanafunzi mweupe aliyekuwa amelewa aliwavamia wanafunzi weusi wakiwa kwenye mazoezi ya igizo, akawatukana hivyo hivyo. Baadaye mwezi huo huo mtu akachora alama ya Wanazi kwa kinyesi kwenye choo cha bweni. Na tarehe 10 Oktoba, kwenye gwaride la sherehe za chuo, wanafunzi wakasimama mbele ya gari la rais wakimsomea historia ya ubaguzi wa chuo tangu 1839. Rais alikaa kwenye gari. Hakushuka, hakusema neno. Wengi wanaamini kibarua chake kiliota nyasi siku ile, ila yeye mwenyewe hakujua.

Siku kumi baadaye orodha ikatoka. La kwanza, rais aombe radhi kwa barua ya mkono wake. La pili, aondolewe. La tatu, yale ya 1969. La nne, somo la lazima kwa kila mtu chuoni kuhusu ubaguzi wa rangi. La tano, wahadhiri na wafanyakazi weusi wafike asilimia 10 ifikapo mwaka wa masomo 2017/18. La sita, mpango wa miaka 10 wa kuwasaidia wanafunzi waliotengwa wasikatishe masomo. La saba, pesa zaidi kwa huduma ya afya ya akili. La nane, pesa na watu kwa vituo vinavyoshughulikia haki za wanafunzi hao.

Soma tena la tano. Wakati huo wahadhiri weusi chuoni hapo walikuwa kama asilimia 3. Mwanafunzi mweusi angeweza kumaliza shahada nzima hajafundishwa na mtu anayefanana naye. Hapo ndipo palipokuwa na ishu yenyewe, sio kwenye sura ya bosi mmoja.

Sasa kwa nini dai la pili lililipwa haraka vile, wakati orodha ilikaa wiki mbili na ushee bila jibu la maana? Jibu ni mkwanja. Jumamosi iliyokuwa inakuja timu ilikuwa na mechi Kansas City, na kwa mujibu wa mkataba, kutotokea uwanjani kungekigharimu chuo dola milioni 1. Hapo hujaweka tiketi, televisheni na aibu. Kocha wa timu alikuwa analipwa karibu dola milioni 4 kwa mwaka, wakati mshahara wa rais wa chuo haukufika nusu milioni. Wachezaji wenyewe? Hawakuwa na mshahara. Walikuwa na ufadhili wa masomo, ambao unaweza kuondoka. Kwa mtu wa Bongo, piga picha kikosi kizima cha timu kubwa kinagoma wiki ya mechi, halafu wote wanacheza bure. Jumapili kocha akaposti picha ya timu nzima, weusi kwa weupe, akasema wapo pamoja. Mchezo ukawa umeisha.

Wale vijana wanastahili heshima. Kuhatarisha masomo yako ukiwa na miaka ishirini, kwa ajili ya mwenzako ambaye hajala siku sita, sio jambo dogo. Na aliyegoma kula alikuwa tayari kufa, hakuna mwenye haki ya kumcheka.

Lakini ukweli usemwe. Silaha mbili kubwa walizokuwa nazo, tumbo la mwenzao na mechi ya dola milioni 1, zote zilifungwa kwenye dai moja: rais aondoke. Na dai hilo ndilo lililolipwa. Mgomo wa kula ukaisha siku ile ile. Wachezaji wakarudi mazoezini, Jumamosi wakacheza, na wakashinda. Chuo kikapumua. Kwenye dai la tano hapakuwa na mechi iliyokuwa inasubiri.

Kumwondoa bosi ndio kitu rahisi kuliko vyote ambavyo taasisi inaweza kukupa. Inalipa mara moja tu. Anaondoka mmoja, anakuja mwingine, kamera zinaondoka, bajeti inabaki ilivyokuwa. Msomaji wa Bongo anaijua ladha ya bosi kutumbuliwa. Ni tamu, watu wanashangilia, mitandao inawaka moto. Halafu keshokutwa unarudi ofisi ile ile, foleni ile ile.

Anayebisha aangalie kilichotokea siku tatu tu baadaye. Bodi ilimteua rais wa muda, mzee mweusi, mstaafu wa chuo hicho hicho, na mmoja wa walioanzisha ule umoja wa wanafunzi weusi mwaka 1968. Yaani kijana aliyekuwa anagonga mlango zamani zile ndiye sasa amekaa kwenye kiti. Mwandishi wa tamthilia angeambiwa ametia chumvi. Na bado mwaka wa masomo 2017/18 ulifika, asilimia 10 haikufika. Kama mtu yule, mwenye historia ile, hakuweza kulimaliza hilo akiwa ndani, basi tatizo halikuwa jina lililoandikwa mlangoni.

Wapo wanaosema vijana wale walikiua chuo. Nao wasikilizwe. Wanafunzi wapya walipungua kwa zaidi ya theluthi ndani ya miaka miwili, mabweni saba yakafungwa, watu wakapoteza kazi. Desemba 2015 mbunge wa jimbo alipeleka muswada wa kuwanyang'anya ufadhili wachezaji watakaokataa kucheza, kisha ukaondolewa haraka. Na waandamanaji wenyewe walikosea. Siku ya ushindi waliwafukuza waandishi wa habari kwenye mahema yao, uwanja wa wazi wa chuo cha umma, na klipu ya mhadhiri akiita watu wenye nguvu wamtoe mwandishi ikasambaa kuliko orodha nzima. Mhadhiri huyo alifukuzwa kazi miezi michache baadaye. Kesho yake usiku rais wa serikali ya wanafunzi akaposti kwamba kundi la wabaguzi la Ku Klux Klan limeonekana chuoni. Haikuwa kweli, ikabidi aombe radhi. Mtu akishaposti uongo mmoja usiku wa hofu, hata ukweli wake kumi wa nyuma unaanza kutiliwa shaka.

Yote hayo ni kweli. Ila kuna namba moja ambayo wanaosema "maandamano yaliua chuo" huwa wanairuka. Mwaka 2016 wanafunzi wapya weupe walipungua kwa asilimia 21. Weusi walipungua kwa asilimia 42. Mara mbili. Kama shida ilikuwa ni waandamanaji weusi kupewa kichwa, mbona weusi ndio waliokimbia zaidi? Jibu lililo karibu ni kwamba mzazi mweusi alipoangalia zile habari hakuona mahema. Aliona tusi kwenye gari na kinyesi ukutani, akasema mwanangu haendi huko. Orodha ilikuwa inaomba kitu cha kumtoa hofu mzazi huyo, na chuo kikampa mkutano wa rais kujiuzulu.

Kusema hakuna kilichobadilika itakuwa uongo. Ofisi zilianzishwa, watu wa kusimamia usawa wakaajiriwa, mafunzo yakatolewa kwa wanaoingia. Lakini kitu kilichotolewa kwa presha bila kufungwa na tarehe, upepo ukibadilika kinachukuliwa. Julai 2024 chuo kilitangaza kuivunja idara yake ya usawa na utofauti. Wiki chache baadaye ule umoja wa wanafunzi weusi, ule ule wa 1968, ulikuwa na sherehe yake ya nyama choma ya kuwakaribisha weusi wanaoanza chuo. Wakaambiwa wabadilishe jina. Neno "weusi" likabaki, lakini likaongezewa "na dhahabu", kwa kuwa nyeusi na dhahabu ndizo rangi za chuo. Kwa hiyo weusi kwenye bango sio watu tena, ni rangi ya jezi.

Cheka kidogo, halafu fikiria. Mwaka 2015 watu weusi waliovaa jezi hiyo walimng'oa rais kwa siku mbili. Miaka tisa baadaye wenzao hawakuweza kulinda jina la nyama choma yao.

Huo ndio msala wa kushangilia kichwa cha mtu na kusahau karatasi. Chuoni, kazini, hata kwenye vikundi vya mtaani, dai lenye jina la mtu ndilo linalotrendi, kwa sababu lina sura ya kuweka kwenye posti. Dai lenye namba na tarehe halina sura. Huwezi kulitengenezea katuni. Lakini hilo ndilo ambalo mwakani unaweza kulichukua, ukaenda nalo mlangoni na kuuliza: mlisema asilimia 10, iko wapi? Na kama una mechi moja tu ya dola milioni 1 mkononi, hilo ndilo la kuifunga nalo. Bosi atang'oka mwenyewe akishindwa kulilipa.

Wale waliokuwa mwaka wa kwanza 2015 walishamaliza zamani. Na hiyo ndiyo karata ya kila chuo duniani: mwanafunzi anakaa miaka minne, uongozi unakaa na kusubiri. Wa 1969 waliondoka, wa 2015 wakaondoka, orodha ikabaki kwenye faili. Atakuja mwingine ataifungua, na dai lake la kwanza litakuwa: timizeni yale ya 2015.

Wadau, mgekuwa nyinyi mmeshika ile mechi ya Jumamosi, mngeifunga kwenye dai namba ngapi? Na lile la kwanza kabisa, barua ya mkono ya kuomba radhi, lina maana yoyote au ni ya kuweka kwenye fremu tu? Dondosheni maoni hapo chini.