Vikombe Vinne Havikuiokoa Comets

Kila msimu wa WNBA, ligi ya wanawake ya mpira wa kikapu ya Marekani, unapopamba moto, huibuka wajuzi wa historia yake. Baadhi ya wanayoyasema yamerudiwa mno hadi yanapita bila kuulizwa.

Linalorudiwa kuliko yote ni kwamba timu zilizokufa zilikuwa mbovu, zikajifia. Anayesema hivyo aanze na Houston Comets. Ligi ilipoanza Juni 1997 na timu nane, Houston ndiyo iliyobeba kombe. Ikalibeba tena 1998, 1999 na 2000, ikiwa na Cynthia Cooper, Sheryl Swoopes na Tina Thompson kikosi kimoja. Mataji manne mfululizo hakuna mwingine aliyeyafikia katika ligi hiyo. Januari 2007 mmiliki wake, Leslie Alexander, aliyekuwa pia na Rockets ya wanaume, aliiuza kwa mfanyabiashara wa samani, Hilton Koch. Mwaka uliofuata timu ikahamia ukumbi mdogo zaidi, na muda si mrefu Koch naye akataka kuuza. Ligi ikaishika yenyewe huku ikitafuta mnunuzi, asitokee. Desemba 2008 ikafungwa. Hapo mpinzani wa uwanjani yuko wapi?

Wala Houston haikuwa peke yake. Sacramento Monarchs ilikuwa bingwa 2005, ikafika fainali 2006, na mwishoni mwa 2009 haipo, kwa kuwa wamiliki walijitoa. Cleveland Rockers ilicheza mchujo mwaka 2003, kisha mmiliki wake, Gordon Gund, akaiacha. Ni mwaka uleule Cavaliers, timu yake ya wanaume, ilipompata LeBron James, kwa hiyo nisiambiwe kwamba mji ule haukuwa na hamu ya kikapu.

Wengine husema Las Vegas Aces ni timu ya juzi iliyoundwa kwa pesa za kamari. Kweli, MGM Resorts ndiyo iliyoipeleka Las Vegas, ikaanza kucheza huko 2018. Lakini klabu yenyewe ni miongoni mwa zile nane za 1997. Ilizaliwa Salt Lake City kwa jina la Utah Starzz, ikahamia San Antonio 2003, ndipo ikafika ilipo sasa. Ubingwa wa kwanza iliupata 2022, katika mji wa tatu na msimu wa 26. Hata A'ja Wilson, nyota wake mkuu, ni tunda la San Antonio kwa namna fulani: nafasi ya kwanza ya kuchagua wachezaji wapya iliyomleta ilitokana na msimu wa mwisho wa taabu kule Texas. Aliyeshangilia mataji ya 2022, 2023 na 2025 akumbuke nani aliyevumilia vipigo.

“Bila NBA wasingekuwepo.” Nusu ya hili naikubali. Hadi 2002 NBA, ligi ya wanaume, ndiyo iliyomiliki timu zote za wanawake, na bila mfuko wake sijui nani angelipa gharama za miaka ya mwanzo. Ila tangu mlango ulipofunguliwa kwa wamiliki wa nje, mambo yamekwenda kinyume na kauli hiyo. Mwaka 2003 Orlando Miracle ilihamia Connecticut chini ya kabila la wenyeji wa Marekani, Wamohegan, wasio na timu ya NBA. Seattle ndiko kisa kilikonoga zaidi: mwaka 2008 kundi la wanawake wa mji huo liliinunua Storm kutoka kwa wamiliki wa Sonics. Sonics ya wanaume ikahamia Oklahoma City, Storm ikabaki, ikatwaa ubingwa 2010, 2018 na 2020. Mji ulioachwa na wanaume ukashikiliwa na wanawake.

Kwamba kikapu cha kulipwa cha wanawake Marekani kilianza 1997, hilo ni jepesi kulikanusha. Ligi ya WBL ilicheza kuanzia 1978 hadi 1981, na ABL ilianza 1996, ikafilisika katikati ya msimu, Desemba 1998.

Sasa kuna jipya: kwamba Detroit, iliyopewa nafasi ya kuanza 2029, “inarudi na vikombe vyake vitatu.” Detroit Shock kweli ilitwaa ubingwa 2003, 2006 na 2008. Lakini klabu ile haikufa. Ilihamishiwa Tulsa 2010, na tangu 2016 inaitwa Dallas Wings. Mfuatano wa klabu unazipeleka rekodi zile Dallas, mapenzi ya mashabiki yawe wapi. Detroit ya 2029 ni klabu nyingine, itakayoingia kwa ada ya dola milioni 250, na siku ya mechi yake ya kwanza kabati lake la vikombe litakuwa tupu.