Skrubu Hazimfundishi Mtu Kulenga

Marekani, ambako raia wengi hubeba bastola kwa ajili ya kujilinda, ubishi kuhusu vilengeo una umri mrefu. Kilengeo ni kile kijiti cha mbele na lile pengo la nyuma ambavyo mpigaji huvilinganisha kabla ya kufyatua. Kuna vya kudumu, na kuna vya skrubu, vinavyopandishwa, kushushwa na kusogezwa kando. Wapenzi wa skrubu wana madai manne.

La kwanza, kwamba bila skrubu hakuna usahihi. Hesabu inakataa. Kwenye bastola ya Glock 17, kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele ni kama milimita 165. Ukikosea kulinganisha kwa milimita moja nzima, risasi itapotoka kama sentimita 4 kwenye umbali wa mita 7. Kwa mita 25 kosa hilo hufika sentimita 15, na hapo mshindani wa shabaha ana haki ya kudai skrubu zake. Aliyevamiwa sebuleni kwake hapigi mita 25. Tena, anayetumia mkono wa kulia risasi zake zikienda chini kushoto, mara nyingi kosa ni kidole kinachokurupuka. Akikimbilia bisibisi anaficha ugonjwa.

La pili, kwamba cha kudumu hakirekebishiki. Bastola nyingi zina kilengeo cha nyuma kilichopachikwa kwenye mfuo. Fundi hukigonga kwa pini ya shaba, akikisogeza upande unakotakiwa risasi iende. Risasi zikianguka chini, hupunguza kijiti cha mbele kwa tupa. Zikiwa chini kwa sentimita 5 kwenye mita 15, na vilengeo vimeachana milimita 150, kinachoondolewa ni nusu milimita tu. Kazi hiyo hufanywa mara moja. Taabu ipo kwa rivolva kama Smith & Wesson Model 10, ambayo kilengeo chake cha nyuma ni mfuo uliochongwa kwenye fremu yenyewe: ikipiga juu, tupa haisaidii, kwa sababu chuma kilichoondoka hakirudi.

La tatu ndilo zito: risasi hazifanani. Rivolva nyingi za .38 Special zenye vilengeo vya kudumu zilirekebishwa kwa risasi ya gramu 10 hivi. Risasi nzito ya mwendo wa polepole hukaa kidogo zaidi ndani ya mtutu huku teke la bastola likiuinua, kwa hiyo hugonga juu. Ya gramu 7, nyepesi na ya kasi, hugonga chini. Hapo ndipo skrubu za rivolva ya Combat Magnum ya mwaka 1955, iliyopendekezwa na Bill Jordan wa polisi wa mpakani, zilipofaa: askari angeweza kufanya mazoezi kwa .38 na kubeba .357. Sababu hiyo naikubali. Lakini wapelelezi wa FBI nao walibeba rivolva ya Model 13, ya .357 yenye vilengeo vya kudumu; anayebeba aina moja ya risasi hana cha kubadilisha.

La nne linachekesha: kwamba hata Glock zilitolewa na vilengeo vya kurekebisha, basi ndivyo bora. Sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968 ilizaa mfumo wa alama wa kuruhusu bastola zinazotoka nje kuingia. Vilengeo vya kurekebisha kwa mibofyo vina alama 10, vya kusogezwa kando tu vina alama 5. Glock ziliwekewa vilengeo vya plastiki vya kurekebisha ili ziokote alama hizo forodhani. Askari wa Austria, ambao bastola hiyo ilitengenezwa kwa ajili yao, walitumia vya kudumu.

Upande wangu nao una porojo yake, kwamba kila kilengeo cha skrubu huvunjika. Polisi wa Marekani walibeba rivolva za namna hiyo kwa miongo mingi. Ila kile kibati chembamba cha nyuma hupinda bastola ikianguka, na skrubu hulegea bila kuaga.

Kwa bastola ya kujilinda, chukua vya kudumu. Kisha nenda uwanja wa shabaha na risasi zile zile utakazobeba, uone zinagonga wapi kabla hujamlipa fundi.