Lubumbashi: jiwe nyuma ya gurudumu si freni ya mukono

Pita asubuhi karibu na soko ya Kenya, wakati pick-up zinashusha mukaa na mifuko ya unga. Utaona kitu chenye macho yetu yamezoea mpaka hatukioni tena. Gari inasimama, kijana anaruka kutoka nyuma, anaokota jiwe ao kipande cha tofali, anakitia chini ya gurudumu. Hapo ndipo shofere anaachilia pedali. Muzigo ukiisha kushushwa, gari inaondoka na jiwe linabaki katikati ya barabara, linangoja mutu wa moto usiku.

Pick-up kama ile, mara nyingi Hilux ya miaka mingi, haina tena freni ya mukono. Ama iliharibika na mwenyewe akaiacha vile, ama fundi aliitosha kabisa. Katika garaji za mitaa, ikuwe Katuba, Kampemba ao Ruashi, hiyo ni kazi ya kawaida, sawa na kubadilisha mafuta. Mwenye gari analeta shida: gurudumu la nyuma linapata moto, gari imekuwa nzito, mazutu inaisha mbio. Fundi anaingia chini, anakuta kable imeshikwa na kutu, anaikata. Saa ile ile gari inatembea muzuri tena. Feza ni kidogo, mwenye gari anafurahi.

Hatusemi kwamba fundi huyo hajui kazi. Anajua sana mifuko ya mteja wake. Lakini kitu chenye kinauzishwa pale kama matengenezo ni kuhamisha shida: inatoka kwenye gari, inaenda kwa mama mwenye ametandika nyanya zake mita mbili nyuma ya ile gari.

Kwa nini inashika

Kwenye Hilux nyingi za zamani, freni ya mukono ni fimbo yenye kutoka chini ya tabulo: unaivuta, na kuiachilia unaizungusha. Kable inapita chini ya gari mpaka kwenye ponti ya nyuma. Pale, kwa kila gurudumu, kuna kipande kidogo cha chuma chenye kugeuka ambacho kinavuta garnitiri za ndani ya tamburu. Kipande hicho kiko nje, wazi, mbele ya matope yote yenye kurushwa na gurudumu. Wakati wa mvua kinajaa udongo mwekundu. Wakati wa kiangazi vumbi inaingia. Grisi inakauka, kutu inakuja, chuma kinashindwa kurudi mahali pake. Shofere ameachilia fimbo, lakini kule nyuma freni imebaki imevutwa nusu. Ndiyo ile harufu ya kuungua yenye abiria wanalalamikia.

Halafu kuna tabia. Shofere anaogopa kwamba itashika, kwa hiyo haivuti. Na kwa kuwa haivuti, kutu inafanya kazi yake kwa amani, na siku moja akiivuta inashika kweli. Basi anawaambia wengine: « Mimi niliwaambia. »

Muji wetu nao unasaidia tabia hiyo. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1.200 juu ya bahari, lakini ni tambarare. Shofere wa hapa anaweza kumaliza miezi bila kusimamisha gari kwenye muteremuko wa kumuogopesha. Anatia vitesi ya kwanza, anazima, anashuka. Shida ni kwamba gari hazibaki hapa. Zinauzishwa, zinaenda Likasi kwenye vilima, zinaenda Kalemie, zingine zinafika Uvira, Bukavu, Butembo. Mutu wa Bukavu mwenye kununua pick-up ya Lubumbashi ananunua pamoja nayo tabia ya Lubumbashi. Na wale wenye wanajua milima ya Ngomo, kwenye barabara ya kutoka Bukavu kwenda Uvira, hawana haja sisi tuwaeleze gari yenye kurudi nyuma inaenda kuishia wapi.

Kitu chenye fundi haelezaka

Kuna jambo moja wenye gari wengi hawajui. Kwenye nyingi ya hizo Hilux za zamani zenye tamburu nyuma, freni ya mukono ndiyo inakaza freni za nyuma. Garnitiri zinapoendelea kuisha, nafasi kati yake na tamburu inapanuka. Kila mara unapovuta fimbo, kuna kigurudumu kidogo chenye meno ndani ya tamburu ambacho kinazunguka kidogo na kuzisogeza garnitiri karibu tena. Ukikata kable, hakuna tena kitu cha kukizungusha. Kisha miezi kadhaa pedali inaanza kushuka chini, shofere anaikanyaga mara mbili, mara tatu mbele gari isimame. Freni za mbele zinafanya kazi peke yake, plaketi zinaisha mbio. Anarudi garaji kununua plaketi mupya, na hajui kwamba bado anaendelea kulipa ile kable.

Tena kuna siku mbaya. Pedali inafanya kazi na mafuta ya freni. Tiyo ikipasuka ao mafuta ikivuja, pedali inaweza kuenda mpaka chini bila kushika kitu. Freni ya mukono haina mafuta, ni kable na chuma tu. Siku ile, ndiyo inabaki.

Wengi watajibu: mimi natia vitesi, inatosha. Kwenye mashini yenye nguvu, inasaidia. Lakini mashini ya mazutu yenye imechoka, yenye pistoni zake zinapitisha hewa, haifungi gari. Inaiacha iteremke kidogo kidogo, pistoni moja kisha ingine. Na ni mashini hizo hizo zenye bateri dhaifu, ambazo mwenyewe anazisimamisha makusudi kwenye muteremuko ili asubuhi aachilie, gari iteremke, iwake. Gari ya namna hiyo inalala usiku muzima juu ya jiwe moja, na asubuhi watoto wanapita hapo wakienda masomo. Wengine wanakaza kijiti kati ya kiti na pedali. Mafuta ikipoteza nguvu polepole, kijiti kinabaki pale pale na gari inaondoka.

Tuongeze neno kwa wenye Canter, Dyna na Land Rover za zamani, maana hapo kuna mutego. Kwa nyingi ya hizo, freni ya mukono haiko kwenye magurudumu. Iko kwenye kile chuma kirefu chenye kupeleka nguvu kwenye ponti ya nyuma. Ukipata pancha ya nyuma, ukavuta freni ya mukono na kuinua upande mumoja na jeki, gurudumu lenye liko hewani linaweza kuzunguka bure, na lile la upande mwingine nalo linapata ruhusa ya kutembea. Gari inaanguka kutoka kwenye jeki na freni imevutwa. Hapo kale ao jiwe si aibu, ni lazima, mbele na nyuma ya magurudumu yenye yamebaki chini.

Sheria iko, nani anaiangalia?

Sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, yenye ndiyo kanuni ya barabara katika inchi yetu, haikuacha jambo la freni kwa mapenzi ya mwenye gari. Inchi, wakati ule ikiitwa Zaire, iliingia pia mu mwaka wa 1977 katika mapatano ya Vienna ya 1968 juu ya usafiri wa barabarani. Mapatano hayo yanasema wazi: freni ya kusimamisha lazima ishike gari mahali palipoinama, ikipanda ao ikishuka, hata na muzigo wake, na lazima ishikwe na chuma peke yake. Kwa hiyo kijiti kwenye pedali hakihesabiwi.

Lakini barabarani, kitu cha kwanza chenye shofere anaombwa ni karatasi: karte roze, bima, vinyeti, kontroli tekniki. Ni mara ngapi wewe msikilizaji uliona mutu anasimamisha pick-up na kusema: vuta freni ya mukono, tuone kama inashika? Ni kweli, polisi mwenye kusimama katikati ya rompwe na gari zinapiga klaksoni hana nafasi ya kulala chini ya gari. Ndiyo maana karatasi ya kontroli tekniki ilitungwa. Karatasi ile inasema kwamba mutu aliangalia. Kama kwenye vioo kuna karatasi mupya na chini ya gurudumu kuna tofali, moja kati ya hizo mbili inadanganya, na si tofali.

Wakati huohuo, kwenye lango za makampuni makubwa ya migodi, gari yenye freni mubaya inarudishwa, na kale chini ya gurudumu ni sheria. Shofere wetu wanaijua sheria hiyo kwa moyo. Juma nzima anaweka kale kila akishuka. Siku ya posho, na pick-up ya shemeji yake, anatafuta jiwe. Hivi si kukosa masomo. Kule kuna mutu wa kumufukuza kazi, huku hakuna.

Kuna mutu wa kulipa, lakini. Artikle ya 260 ya kitabu cha tatu cha kanuni ya raia inasema mutu anajibu pia juu ya hasara yenye inaletwa na vitu vyenye viko chini ya ulinzi wake. Gari yenye inateremka peke yake na kuvunja duka ao mguu wa mutu ni kitu cha namna hiyo. Na kama mutu amekufa, kanuni ya makosa, artikle ya 52 na zenye kuifuata, inahesabu kosa la kukosa uangalifu hata kama hukukusudia. Utasimama mbele ya hakimu na kueleza kwamba kable ilikatwa na wewe ulijua. Fundi atakuwa wapi siku ile? Hakukuandikia hata fakture.

Kutengeneza si kazi kubwa

Kwenye Hilux ya zamani, ni kazi ya nusu siku kwa fundi mwenye roho ya subira. Tamburu zinatolewa, garnitiri zinaangaliwa, silinda ndogo za ndani zinaangaliwa kama hazivuji. Vile vipande vya kugeuka kwenye ponti vinafunguliwa, vinasafishwa mpaka vitembee na kidole, vinatiwa grisi, na mpira wenye kuzuia matope unarudishwa. Kable yenye haitelezi ndani ya ganda lake inabadilishwa. Za okazio hazikosekani hapa muji. Halafu kukaza: garnitiri kwanza, kable mwisho. Fundi mwenye kuanza kwa kukaza kable anaficha garnitiri zenye zimeisha, na kisha juma mbili utarudi. Muombe akukaze mbele yako. Kisha, vuta ile freni kila siku, hata kwenye tambarare, hata ndani ya lupango.

Na kama feza bado, chonga kale mbili za muti muzito, uzifunge na kamba kwenye karoseri ili zisibaki nyuma kama mawe. Ukisimama ukiangalia juu, tia vitesi ya kwanza. Ukiangalia chini, tia ya nyuma. Geuza magurudumu ya mbele ili gari ikiteremka ipige ukingo wa barabara, isiende kwa watu.

Kwa mwenye kununua pick-up juma hii: mbele ya kutoa feza, washa mashini mahali pa tambarare bila mutu mbele, vuta freni ya mukono mpaka mwisho, tia vitesi ya kwanza na uachilie embreyaji polepole. Mashini ikizimika, freni inashika. Gari ikienda tu kama hakuna kitu, angalia chini kama kable iko, halafu rudia kuongea bei.