Kelele ya Baisikeli Isizibwe kwa Mafuta

Imekuwa ada mjini Tabora, na naamini katika miji mingine mingi ya bara, kwamba baisikeli ikianza kulia hukimbiliwa kopo la oili kabla haijachunguzwa inalia wapi. Na kwa kuwa mafuta huinyamazisha kwa siku mbili tatu, mwenye chombo huondoka ameridhika, akidhani ila imeondoka ilhali imefunikwa tu. Rai yangu ni kwamba ada hii inatupotezea mali nyingi, na kwamba walimu wa kutuondolea ujinga huu tunao papa hapa, nao ni wanoaji wa visu, watu ambao hukanyaga pedali kutwa nzima juu ya baisikeli isiyokwenda popote.

Msomaji bila shaka amemwona mmoja wao sokoni, au chini ya miembe iliyopandwa kandokando ya njia za mji. Baisikeli yake ni ileile ya Kichina au ya Kihindi ichukuayo mkaa na madumu ya maji, ila yeye ameisimamisha juu ya stendi ya chuma, gurudumu la nyuma likaachana na ardhi, na kutoka katika rimu yake hupita ukanda uliokatwa katika mpira wa tyubu kuukuu, ukapanda hadi kwenye jiwe la kunolea lililofungwa mbele ya kiti. Hukaa kitini, akakanyaga, jiwe likazunguka, na panga la mkulima, mkasi wa fundi cherehani au shoka la mrina asali wa kutoka misitu ya Sikonge hulazwa juu yake taratibu huku cheche zikiruka. Kazi hii haivumilii mtetemo hata kidogo, kwani jiwe likiyumba makali hutoka na mawimbi, na mteja hatarudi.

Baisikeli iliyosimama hufichua aibu zake zote kuliko iendayo. Barabarani upepo huzima sauti, na tairi la upepo, ambalo John Boyd Dunlop wa Belfast alilipatia hataza mwaka 1888, humeza sehemu kubwa ya mishtuko. Lakini juu ya stendi kila mtikisiko hushuka katika chuma hadi ardhini, ukarudi masikioni. Watu wa Dar es Salaam, Nairobi na Ulaya wanaofanya mazoezi ndani ya nyumba, wakiwa wamefunga baisikeli zao juu ya kifaa ambacho rola yake hukandamiza tairi la nyuma, wanajua adha hiyohiyo, na zaidi yao majirani wa ghorofa ya chini. Kwao aghalabu mkosaji ni tairi lenye meno makubwa, ambalo hunguruma juu ya rola, na dawa yake ni tairi laini lililojazwa upepo barabara, na mkeka mzito wa mpira sakafuni. Wengine hununua kifaa kipya kabla ya kujaribu haya, na ni israfu.

Mnoaji mzoefu hashiki spana kabla hajasikiliza, na usikilizaji wake una utaratibu ambao ningependa kila mwendesha baisikeli aujue. Kwanza huondoa ukanda wa jiwe, akalizungusha gurudumu peke yake; sauti ikikoma, kosa liko juu, kwenye jiwe au ukanda, wala hana haja ya kufungua kitu kingine. Isipokoma, hukanyaga kwa kasi, kisha akaacha miguu imetulia huku gurudumu likiendelea: sauti ikikatika papo hapo, basi ni ya pedali, ya krenki au ya cheni, ikiendelea, ni ya gurudumu na gololi zake. Baada ya hapo huhesabu. Mgoto mmoja kwa kila mzunguko wa pedali, unaosikika hata katika unyayo, ni wa kotapini, ile pini ya kufungia krenki, iliyolegea, nayo ikipuuzwa hutafuna tundu lake mpaka krenki nzima ikawa haifai. Mlio unaokuja mara moja tu katika kila mizunguko miwili na nusu hivi ya pedali ni wa kiungo kimoja cha cheni kilichokakamaa, kwa sababu cheni ya viungo 112 juu ya gia ya meno 44 huchukua takriban muda huo kurejea mahali pake. Na gurudumu lililopinda hupimwa kwa kipande cha chaki kilichoshikwa kwa utulivu karibu na rimu. Pale palipobenuka hugusa chaki na kujitia alama, na fundi akakaza spoku za upande wa pili kwa robo ya mzunguko wa nati, akalizungusha tena, akatazama, mpaka chaki isiguse kitu.

Hii ni elimu kamili, na haina gharama yoyote.

Iko pia mitetemo isiyotokana na ubovu wowote, nayo ndiyo inayowapoteza wengi. Kila kitu kilichosimama kina mwendo wake wa asili wa kutikisika, na mwendo wa miguu ukisadifu kulingana nao, stendi huanza kucheza kana kwamba itavunjika. Ukiongeza kasi kidogo, au ukipunguza, hutulia. Kwa hiyo mtetemo unaozuka katika kasi moja tu usimfanye mtu afungue gololi zilizo salama. Akaze bolti za stendi, aweke uzito juu ya kitako chake, na vipande vya tairi nzito chini ya miguu yake. Mtetemo unaozidi kadiri kasi inavyozidi, huo ndio wa ubovu, na mara nyingi kwa mnoaji ni wa jiwe, hasa lililolazwa likiwa limeloa upande mmoja, likanyonya maji na kuwa zito upande huo. Jiwe huhojiwa kwa kuning'inizwa na kugongwa polepole kwa kijiti. Lililo zima hulia kwa sauti safi. Lenye ufa hutoa sauti butu, na hilo halifai kurudishwa kazini, kwa maana likipasuka katika mzunguko huweza kumtoa mtu jicho.

Sasa narudi kwa oili, maana hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Udongo wa Tabora ni wa mchanga, na wakati wa kiangazi vumbi hukaa juu ya kila kitu. Mafuta yakimwagwa juu ya cheni yenye vumbi hukorogeka yakawa rojo la kusagia chuma, lifanyalo kazi ileile ambayo mnoaji huifanya kwa jiwe lake, isipokuwa hapa kinachonolewa ni pini na meno ya gia. Sharti cheni ifutwe kwanza kwa tambara na mafuta ya taa, ikauke, ndipo itiwe oili tone kwa tone katika viungo, na ziada ipanguswe. Na ipimwe kwa rula: viungo 24 vya cheni mpya huwa inchi 12 kamili, vikizidi kwa sehemu ya kumi na sita ya inchi, cheni imekwisha, na ikiachwa itaharibu gia iliyo bado nzima.

Wala baisikeli si chombo cha kudharauliwa hapa, kwani mji huu uliinukia kwa miguu ya watu. Wapelelezi Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya zamani, mwaka 1857 walikuta kituo kikubwa cha njia itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji, na mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili. Mwaka 1872 mpelelezi Livingstone alikaa miezi kadhaa Kwihara, karibu na mji, akingoja wapagazi tu. Reli ilipofika mwaka 1912 iliwapumzisha wapagazi wa njia kuu, lakini vijiji vilivyo mbali na reli vilibaki na mizigo yao, na kilichorithi mabega yale ni baisikeli. Magunia, asali, wagonjwa na wanafunzi hupita juu yake hata leo. Nchi iliyokuwa ikipokea majembe ya wahunzi wa Usumbwa haina udhuru wa kutoheshimu mafundi wa chuma ilio nao.

Kwa hiyo naiomba Halmashauri ya Manispaa iwape wanoaji na mafundi baisikeli mahali pa kudumu penye kivuli, badala ya kuwaacha wakihamishwa huku na huku. Naiomba VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, hapa Tabora iwaalike wazoefu miongoni mwao, wakae mbele ya vijana na baisikeli moja juu ya stendi, wafundishe kusikiliza kabla ya kufungua. Nawe msomaji, baisikeli yako ikilia kesho asubuhi, isimamishe, inua gurudumu la nyuma, ulizungushe, na usishike kopo la mafuta mpaka umejua ni kipi kinacholia.