Barakoa ya Kidevuni

Maradhi ya Korona yalipoingia Kenya mwezi wa Machi, mwaka 2020, lugha yetu haikupata taabu ya kutafuta neno. Barakoa lilikuwapo tangu zamani; wanawake wa Pwani na wa Uarabuni walilijua kuwa ni kitambaa cha kufunika uso. Jina lilipatikana, kitu chenyewe kikapatikana, na sheria yake ikapatikana upesi. Kilichokosekana ni mafunzo ya kuivaa, na kwa ajili ya ukosefu huo watu wengi wa Kitui na Makueni waliivaa miaka miwili bila ya kufaidi hata nusu ya kazi yake.

Barakoa ilitufikia ikifuatana na askari. Kanuni za Aprili 2020 ziliamuru kila mtu aliye mahali pa hadhara afunike mdomo na pua. Mwenye kuasi alitishwa kwa faini isiyozidi shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au yote mawili. Kwa mkulima wa Ikutha au wa Kathonzweni fedha hizo ni mbuzi watatu au wanne. Basi watu walitii, lakini walimtii askari. Katika matatu ya kutoka Wote kwenda Emali barakoa zilikaa videvuni mpaka kizuizi cha polisi kilipoonekana kwa mbali. Hapo zilipanda puani zote pamoja, kama bendera mlingotini, na kizuizi kilipopitwa zilishuka tena. Wako walioazimana barakoa moja, huyu akishuka kumpa yule apandaye, mate ya mmoja yakaenda kinywani mwa mwingine kwa jina la afya.

Babu zetu walilazimishwa na serikali ya kikoloni kuvaa kipande shingoni, nao walikivaa ili kionekane na mwenye mamlaka, wala hakikuwa na faida nyingine kwao. Barakoa ya kidevuni ni ndugu ya kipande. Mtu aliyeipokea kwa amri tupu aliifanya hati ya kupitia njiani. Siwalaumu sana watu hao. Namlaumu zaidi aliyedhani kwamba tishio la kifungo laweza kuwa badala ya somo.

Wala haiwezi kusemwa kwamba barakoa zilikuwa adimu. Huko Syongila, katika Kaunti ya Kitui, kiwanda cha nguo cha kaunti kiitwacho KICOTEC, kilichokuwa kikishona sare, kilianza mwaka 2020, katika uongozi wa Gavana Charity Ngilu, kutengeneza barakoa za namna ya zile za hospitali. Habari za magazeti za wakati ule zilitaja barakoa 30,000 kwa siku. Ilikuwa fahari ya haki kuona mikono ya vijana wa Ukambani ikitengeneza kitu ambacho mataifa tajiri yalikuwa yakikigombania. Lakini tazama barakoa ya namna ile. Ukingoni mwake juu mna waya mwembamba, na katikati mna mikunjo. Mtengenezaji aliuweka waya ule ubanwe juu ya pua, na mikunjo ile ifunguliwe mpaka chini ya kidevu, ili hewa ipite katika kitambaa badala ya kupita kando. Ni wangapi walioubana waya huo? Wengi hawakujua kwamba upo. Fundi alimaliza kazi yake. Mwalimu hakuianza yake.

Husemwa kwamba barakoa huudhi, na kwamba jua la Mtito Andei si la kuzibiana pua. Neno hili nalikubali. Nalikataa lile lifuatalo, kwamba maudhi hayo hayana dawa na anayeyalalamikia ni mdeke. Raha ya mvaaji ni sehemu ya kazi ya barakoa, kwa sababu inayoudhi haikai mahali pake. Hata punda wa Kitui achukuaye madebe ya maji hatwikwi juu ya mgongo mtupu; hutandikwa gunia kwanza, na mwenye punda hasemi kwamba gunia ni anasa. Ajua kwamba punda mwenye kidonda hafiki.

Maudhi ya barakoa yalikuwa na gunia lake. Kamba zikikata masikio, hushonwa vifungo viwili katika utepe wa kitambaa upitao kisogoni, zikanaswa hapo, na masikio yakapumzika. Uso ukiwa mdogo, kamba hupigwa fundo karibu na kitambaa ili mashavu yasiache mwanya. Miwani ikiingia ukungu ni shahidi mwaminifu: yasema kwamba pumzi yatoka kwa juu, na kwamba waya haukubanwa. Barakoa iliyolowa jasho hunata puani na kuzuia pumzi, nayo ndiyo iliyowafanya wengi wadhani kwamba wanakufa; dawa yake ni kuwa na ya pili iliyo kavu ndani ya mfuko safi. Ile ya kitambaa hufuliwa kila siku kwa sabuni na kuanikwa juani, na jua ni mali ambayo Ukambani haujawahi kuikopa. Huvaliwa na kuvuliwa kwa kushikwa kamba zake, kwa mikono iliyonawa.

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa la kuishusha wakati wa kusema. Mwenye duka aliishusha ili ataje bei, mhubiri aliishusha ili ahubiri, na walimu, katika madarasa yaliyofunguliwa tena kwa wote Januari 2021, waliishusha ili wasikike. Wengine waliishusha ili wakohoe, wasije wakaichafua! Nao wakati wa kusema na kukohoa ndio wakati ambao matone hutoka mdomoni kwa wingi. Mtu huyo alifunga mlango wake mchana kutwa, akaufungua usiku wezi walipokuja. Ilitosha kusema polepole, na kwa sauti kubwa kidogo.

Wako wanaoshikilia kwamba mwananchi hafundishiki, na kwamba pasipo rungu hapana utii. Hao wajibiwe kwa habari za Bangladesh, nchi ya joto na ya watu wasio matajiri. Uchunguzi uliofanywa huko katika vijiji 600, wenye watu wazima zaidi ya 340,000, ulichapishwa mwaka 2022. Katika vijiji vilivyoachwa kama vilivyokuwa, watu 13 katika kila 100 walivaa barakoa sawasawa. Katika vijiji vilivyogawiwa barakoa bure, vikaelezwa matumizi yake, vikakumbushwa sokoni na msikitini, na kuwaona viongozi wao wakizivaa, walikuwa 42. Watafiti hawakumtoza mtu faini. Sisemi kwamba 42 ni wengi. Nasema kwamba ni zaidi ya mara tatu ya 13, na kwamba ongezeko hilo lilitokana na barakoa za bure pamoja na mafunzo, ukumbusho na mifano.

Yupo pia asemaye kwamba barakoa huua kwa kuzuia hewa. Mtoto wa chini ya miaka 5 asivalishwe, na mgonjwa mwenye taabu kubwa ya kupumua amsikilize daktari wake. Walio wazima wawatazame wapasuaji, wanaosimama nayo saa nyingi juu ya meza ya upasuaji na kutoka wakitembea.

Amri ya kuvaa barakoa mahali pa wazi iliondolewa nchini tarehe 11 Machi 2022, na tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza mwisho wa hali ya dharura. Wengi walizitupa kwa furaha, nami sioni lawama katika furaha hiyo. Lakini kifua kikuu hakikungoja Korona ili kiingie Ukambani, wala hakikuondoka pamoja nayo, nacho pia husafiri hewani. Mgonjwa akohoaye, afikapo zahanati, hupewa barakoa ili asiwaambukize walioketi naye. Akipewa bila neno, bila kuonyeshwa waya wala kuambiwa asiishushe akitaka kukohoa, itakuwa kidevuni kabla hajafika kwenye benchi, na pembeni mwa benchi hilo ameketi mama mwenye mtoto mchanga.